Nimejaza sifuri kabla ya FFT (hesabu ya kuona masafa yaliyomo kwenye ishara), lakini vilele vya 98 na 100 Hz havitengani

Swali
Wakuu, napima mtetemo wa mota ya pampu ya maji. Inazunguka mara 1470 kwa dakika, umeme ni wa 50 Hz. Kihisi kinachukua sampuli 1000 kwa sekunde, nimerekodi sekunde moja. Nataka kutenganisha 98 Hz (mara nne ya mzunguko wa shafti) na 100 Hz ya umeme (mara mbili ya 50). Nimejaza sifuri mwishoni hadi zikawa sampuli 8192, nikazidisha zote kwa dirisha la Hann (mkunjo unaopanda toka sifuri na kushuka tena hadi sifuri, wa kulainisha kingo), kisha FFT. Napata nundu moja pana, mlima mkubwa karibu na 0 Hz, na vimo vidogo mno. Nimekosea wapi?

Jibu 1
Mkuu, umepindua mpangilio. Dirisha la urefu wa 8192 juu ya data iliyokaa mwanzoni tu linapanda kutoka 0 hadi 0.14 kwenye sampuli ya 1000, halafu ghafla sifuri. Ukingo uliotakiwa kulainishwa ndio umekatwa kwa kisu.

Toa kwanza wastani wa sampuli zako 1000, zizidishe kwa Hann ya 1000, ndipo uongeze sifuri mwishoni. Mlima wa 0 Hz ndio huo wastani: mhimili wa kihisi cha MEMS (kidogo cha kwenye chipu) ukiwa wima unabeba mvutano wa dunia, 9.8 m/s².

Kimo gawa kwa jumla ya thamani za dirisha (hapa 500), zidisha kwa 2. Usigawe kwa 8192.

Jibu 2
Sawa kabisa, ila hata hivyo 98 na 100 hazitaachana vizuri. Sifuri zinapunguza umbali kati ya nukta za FFT kutoka 1 Hz hadi 0.12 Hz, lakini mkunjo wa kilele ni uleule. Faida yake ni kusoma kimo: kilele kikiangukia katikati ya nukta mbili, Hann inakupunja kama asilimia 15.

Kinachotenganisha ni muda. Hann ya sekunde 1 ina kilele chenye upana wa 2 Hz kwenye nusu ya kimo, sawa na pengo lako lote. Rekodi sekunde 4, upana unashuka hadi 0.5 Hz. Kuongeza kasi ya sampuli hakusaidii hapa.

Swali
Mzigo wa pampu ukibadilika ndani ya hizo sekunde 4?

Jibu 2
Mota ikishuka hadi 1465, kilele cha shafti kinahama hadi 97.67 Hz, kwa hiyo kitatanuka kidogo. Cha umeme kitabaki chembamba palepale kwenye 100.