Wakuu, waya wa spika za masikioni: shaba au fedha?

Mpiga_Kinanda: Habarini wakuu. Napiga kinanda kwenye kwaya hapa Mwanza, najisikiliza kwa spika za masikioni zenye waya wa kuchomoa. Upande wa kushoto unakata, ila nikizungusha pale waya unapoingia sauti inarudi. Jumapili tuna tamasha. Ninunue waya wa shaba au uliopakwa fedha? Na jeki ya milimita 4.4 inaizidi ya 3.5? Sina amani kabisa.

Nyakato_Sauti: Spika gani hizo? Waya unaingia kwa pini mbili au kwa kile kichwa cha duara, MMCX?

Babu_Santuri: Enzi za kaseti waya ukikatika tunaumenya kwa wembe, tunausokota, tunafunga nailoni, muziki unaendelea. Vijana mnapenda gharama.

Dada_Mkubwa: Wadogo zangu, punguzeni sauti kwanza. WHO wanasema desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki. Kaka yangu alikuwa DJ, leo masikio yanamlia usiku kucha.

Mpiga_Kinanda: Asanteni, ila swali langu ni shaba au fedha.

Nyakato_Sauti: Mkuu, bila kujua spika gani hakuna wa kukusaidia.

Mpiga_Kinanda: Ni KZ ZSN Pro, pini mbili. Si zangu, ni za mwalimu wa kwaya, hajui kama zimeharibika. Na nimeshatanguliza nusu ya hela kwa muuzaji Kariakoo: waya wa fedha, pini 0.78, jeki 4.4. Kanihakikishia sauti itakuwa kubwa zaidi.

Nyakato_Sauti: Hapo sasa. ZSN Pro ni 0.75, plagi yenye kofia. Pini ya 0.78 ukiisukuma inatanua soketi, kesho ukirudisha waya wa zamani unapwaya. Halafu 4.4 utaichomeka wapi? Hiyo ni jeki ya balansi, kushoto na kulia kila upande una njia zake; sauti inaongezeka pale kifaa chenyewe kina amplifaya ya balansi. Waya hauongezi kitu.

Mpiga_Kinanda: Ataniwekea adapta ya kushuka 3.5. Na milimita 0.03 ni kitu gani, jamani? Hela imeshatoka.

Kiberenge: Chai hii. Mwanzo ulisema ukizungusha sauti inarudi. Kinachozunguka ni MMCX, pini mbili hazizunguki. Wewe ni muuzaji, unatafutia waya wako wateja.

Babu_Santuri: Nami nilihisi. Kwaya gani hiyo isiyo na jina?

Mpiga_Kinanda: Kwaya siitaji, mwalimu yuko humu. Si chai, ndugu zangu. Kinachozunguka ni soketi yenyewe ndani ya ganda.

Nyakato_Sauti: Kama soketi inazunguka, muda wote huu tunajadili waya bure. Jaribu hivi: waya wa kulia uchomeke spika ya kushoto, wa kushoto kulia. Ukimya ukihamia kulia, waya ndio mbovu. Ukibaki kushoto, ni soketi.

Mpiga_Kinanda: Umebaki kushoto.

Nyakato_Sauti: Basi hata waya wa dhahabu hausaidii. Mpigie muuzaji asitume. Tafuta fundi simu mwenye mkono mwepesi, afungue ganda, achomelee soketi upya kwa risasi, aibane na gundi. Mwambie asibadilishane zile nyaya mbili za ndani, besi itapotea ukisikiliza pande zote. Na mwalimu mwambie leo, kabla fundi hajafungua.

Mpiga_Kinanda: Muuzaji hapokei simu. Fundi wa kuaminika hapa Mwanza yuko mtaa gani?