Mabepari wa Venisi: bepari ni nani hasa, Shylock au Antonio?

Jukwaa_Tupu: Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimerudia Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare. Kwa waliosahau: Bassanio anataka pesa za kwenda kumposa Portia, rafiki yake Antonio anamchukulia mkopo kwa Shylock, Myahudi. Dukati 3,000, miezi mitatu, wasipolipa Antonio akatwe ratili ya nyama. Merikebu za Antonio zikasemekana zimezama. Mahakamani Portia kavaa kiume, kajifanya mwanasheria: nyama kata, ila ukimwaga tone la damu umekwisha. Shuleni tuliambiwa bepari ni Shylock, tukafunga daftari. Sasa nauliza: kwa Kiingereza jina la mchezo linataja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu kaweka wingi. Bepari ni nani humu? Na Shylock ni mwovu au kaonewa? Nawasilisha.

Kibwengo77: Kaonewa wapi? Mtu ananoa kisu kwenye soli ya kiatu mbele ya mahakama! Mizani kaja nayo. Anaambiwa alete basi na tabibu wa kuzuia damu, anajibu hilo halimo kwenye mkataba. Huyo ndiye babu wa kausha damu wote, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali. Na hawa wa mtaani wanashamiri kwa sababu wateja wapo, dada zetu hasa. Sare ya harusi, kausha damu. Kichen pati, kausha damu.

Dada_Kigamboni: Kibwengo, nani kakwambia tunakopa sare? Mimi nilikopa laki tatu mama yangu akiwa wodini. Riba kila wiki. Wiki ya tano wakaja vijana wawili na guta, saa kumi na mbili asubuhi, friji likatoka na maharage yangu ya siku mbili ndani, hata sufuria sikuruhusiwa kuopoa. Nikaomba kuiona karatasi niliyosaini, wakasema iko ofisini. Ofisi yenyewe kibanda cha vocha. Usinifananishie hao na Shylock. Shylock alikwenda mahakamani na karatasi yake mkononi, akasimama mbele ya watu wanaomchukia, akangoja hukumu.

Kibwengo77: Pole kwa mama. Lakini laki tatu ya hospitali hata ndugu wangechanga. Ukoo mzima hamna mtu?

Dada_Kigamboni: Ukoo wangu umekuhusu nini wewe?

Msafiri_Thika: Huku kwetu Kenya hilo jina la Shylock limeshakuwa jina la kazi ya kukopesha kabisa. Mtu anakuambia nimepeleka hati ya gari kwa shailoki, wala hajui kuna mchezo wala Venisi. Na shailoki wangu mimi alikuwa mzee wa kanisa! Jumapili anapitisha kapu la sadaka, Jumatatu anapiga simu.

Ustadhi_wa_Pwani: Ndugu zangu, mnazunguka. Antonio alikuwa akikopesha watu bila riba, na Shylock mwenyewe anakiri hilo ndilo linalomuudhi, kwamba anamharibia soko. Kwa Muislamu hapa hamna fumbo. Anayetoza riba na asiyetoza hawawi sawa.

Jukwaa_Tupu: Ustadhi, ila kwa mkopo huu Shylock alisema hataki riba hata senti. Ndiyo maana Antonio akasaini huku anacheka, akaona Myahudi kaanza kuwa mwema.

Dada_Kigamboni: Na huyo Antonio asiye na riba ndiye aliyemtemea mwenzie mate ndevuni na kumwita mbwa. Kaja kukopa, kaulizwa, anajibu wazi kwamba atamtemea tena. Mimi wakati nakopa nilisema shikamoo.

Ustadhi_wa_Pwani: Mate si riba, dada.

Dada_Kigamboni: Hujatemewa.

Kibwengo77: Turudi kwenye wingi. Hamna cha ajabu, ni siasa tu. Mwalimu alikuwa anatafuta mabepari kila kona. Ingawa nadhani aliitafsiri mwaka 1963, kabla ya Azimio la Arusha la ujamaa, kwa hiyo hata hoja hiyo ya siasa sijui.

Karani_Mstaafu: Kijana, umejipiga mtama mwenyewe. Ya 1963 ni ile ya Julius Caesar. Mabepari imetoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Sasa sikilizeni. Neno bepari tumelipata kwa Wahindi, kwao ni mfanyabiashara tu, hamna tusi ndani yake. Sisi ndio tulilitia uchungu baadaye. Kwa hiyo Mwalimu kalitafsiri neno la Shakespeare sawasawa, na papo hapo kila aliyelisikia mwaka ule akasikia jambo jingine. Hapo pana ufundi. Na wingi wake una ushahidi kwenye mchezo wenyewe. Shylock anawaambia wakubwa wa Venisi: mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa, nikisema waachieni huru mtanijibu ni mali yenu. Basi na mimi nyama hii nimeinunua ghali, ni yangu. Pale barazani nani alimjibu? Hakuna. Wanarukia mambo mengine. Venisi nzima inanunua nyama ya watu, yeye kakamatwa kwa kudai ratili moja.

Kibwengo77: Kwa hiyo sasa mabepari ni Wahindi? Karani, usituletee ubaguzi humu.

Karani_Mstaafu: Nimesema neno limetoka kwao. Watu sijawagusa.

Kibwengo77: Umesema "tumelipata kwa Wahindi". Yameandikwa hapo juu.

Msafiri_Thika: Hata chapati tumeipata huko na hakuna aliyelia.

Jukwaa_Tupu: Mimi hoja ya watumwa imenishika. Ukiongeza mwisho wake: Portia kahubiri huruma mpaka mate yamkauke, halafu mzee ananyang'anywa mali na kuamriwa awe Mkristo, na anayetoa sharti hilo la dini ni Antonio. Anatoka akisema hajisikii vizuri. Sehemu yote iliyobaki ni vijana kutaniana na wake zao juu ya pete. Nani anacheka pale?

Ustadhi_wa_Pwani: Hapo la kulazimishwa dini nakubali ni dhuluma. Ila riba bado ni riba.

Kibwengo77: Binti yake mwenyewe Jessica alimkimbia na kasha la dhahabu. Baba mwema hakimbiwi.

Dada_Kigamboni: Na ile pete aliyopewa na marehemu mkewe binti kaibadilisha kwa nyani! Shylock akasema asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Pale ndipo nilipomlilia, Kibwengo. Huko kwenye mizani ulikomng'ang'ania sikufika.

Kibwengo77: Mizani haijajibiwa hata hivyo. Na ile kauli ya ukoo, samahani. Friji lilirudi?

Dada_Kigamboni: Halikurudi. Ila mlango wake ulikuwa haufungi tangu Pasaka, nilikuwa naukaza na kitenge. Kitenge sikuwapa.