Niwataje nani katika viongozi wa Chama cha Elektrokemia?

BintiKisauni:
Assalam aleikum wakubwa. Nasoma diploma ya uhandisi wa mitambo hapa Mombasa. Mwalimu ametaka kila mtu achukue chama kimoja cha kisayansi, aeleze kazi zake na viongozi wake. Mimi nimepewa The Electrochemical Society ya Marekani, chama cha elektrokemia, yaani kemia inayohusu umeme. Orodha ya marais ni ndefu na kila mwaka ni mwengine, sijui nishike wapi. Tena wenzangu wanasema hicho ni chama cha watu wa betri za simu, mafundi wa mitambo hakituhusu. Kuna anayekifahamu? Nawasilisha Alhamisi.

MkaziWaMagongo:
Waaleikum salaam. Chama kiliundwa 1902, Philadelphia. Rais wa kwanza ni Joseph W. Richards, mwalimu wa metali Chuo Kikuu cha Lehigh. Jina la mwanzo lilikuwa American Electrochemical Society, hiyo "American" ikaondolewa 1930. Taja marais watatu wanne, utakuwa umemaliza.

ZinkiGudini:
Mwanangu, usimalize upesi hivyo. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye meli za Kilindini na jambo hili nalipenda, niwie radhi nikirefusha.

Hao wenzako waambie waje gudini siku boti ikipandishwa. Wapite nyuma, penye rafadha na usukani. Wataona vipande vya zinki vimefungwa kwenye chuma, vimelika vishimovishimo, vina ukoko mweupe unaobanduka kwa ukucha. Chuma cha pembeni kizima. Rafadha ya shaba, mwili wa chuma, na maji ya chumvi katikati: hiyo ni betri tayari, hata kama hakuna aliyekusudia kuitengeneza. Zinki huachia elektroni kwa wepesi kuliko chuma, basi inalika yenyewe na chuma kinasalimika. Humphry Davy alilionyesha hilo Uingereza 1824, alipotumia vipande vya zinki na chuma kulinda shaba iliyofunika manowari za mbao. Shaba ilipona kweli, lakini mwani na vidude vya baharini vikaiganda, kwa sababu shaba isiyolika haitoi sumu ya kuvifukuza.

Chama chako kina kitengo kizima cha kutu. Kitabu kikubwa cha kutu alichohariri Herbert Uhlig wa chuo cha MIT, Marekani, kilitoka 1948 kwa udhamini wa chama hicho, na katikati ya miaka ya 1950 Uhlig akawa rais. Sasa mafundi wa mitambo hakiwahusu vipi?

Kuhusu mwanzo wake, eleza maporomoko ya Niagara kule Marekani. Umeme wa maporomoko yale ulipoanza kuuzwa 1895, viwanda vilivyokula umeme mwingi vikahamia pale: aluminiamu, na yale mawe meusi ya kusagia ya Edward Acheson ambayo hadi leo yanazunguka kwenye mashine za kunolea katika karakana zetu. Wataalamu wakahitaji pa kukutana na kusomeana kazi zao. Acheson alikuwa rais 1908. Aliyemfuata ni Leo Baekeland, yule wa plastiki ya Bakelite. Hawa walikuwa watu wa tanuri na karakana, na hilo ndilo ningelikazia.

Lakini kama ningekuwa wewe, ningemwandama katibu kuliko marais. Rais anakaa mwaka mmoja. Colin Fink alikuwa rais 1917, kisha akawa katibu kuanzia 1921 hadi 1947. Hesabu mwenyewe! Marais wamekuja wamekwenda, mashine inaendeshwa na yeye. Na hakuwa karani. Alifanya kazi ya nyuzi za tangsteni za taa, na akiwa Chuo Kikuu cha Columbia akafanya upakaji wa kromu uwe kazi ya kiwandani. Ule mng'aro wa bampa za magari ya zamani, mzizi wake uko kwa watu kama yeye. Tena alitumia umeme uleule kusafisha vyombo vya kale vya shaba vya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kutu ikarudi kuwa metali bila kuharibu nakshi. Huyo mpe nusu ya wasilisho lako.

BintiKisauni:
Shukran sana mzee, Mungu akuzidishie. Swali dogo: boti ikipandishwa zinki ikakutwa haijalika hata kidogo, si ndiyo vizuri?

ZinkiGudini:
La, hapo shtuka. Ama imepakwa rangi juu, ama haikugusana sawasawa na chuma. Mara nyingi ni rangi. Mpakaji anapitisha brashi kila mahali apate kupendeza. Ikwangue hadi ing'are, kaza bolti, kisha kagua chuma chote kwa nyundo.

MaabaraPwani:
Nakubaliana na mzee kuhusu Fink, ila betri nazo msizidharau. Esther Takeuchi, rais wa chama 2011, ndiye aliyefanikisha betri za lithiamu na fedha-vanadiamu zinazoendesha vifaa vya kushtua moyo vinavyopandikizwa kifuani. Na kabla yake kulikuwa na Joan Berkowitz, mwanamke wa kwanza kuwa rais, 1979. Binti, hao wawili usiwaache nje.

Na ukipata multimita, kile kipima umeme, nenda nayo kwenye boti iliyo majini. Waya mmoja kwenye mwili wa boti, mwengine kwenye elektrodi ya fedha na kloraidi ya fedha, kijiti cha kulinganishia kipimo, iliyotumbukizwa baharini. Chuma kilicholindwa kinasoma −0.80 volti au chini zaidi. Kikisoma −0.65, zinki haifanyi kazi. Piga picha ya kipimo uwaonyeshe darasani.

BintiKisauni:
Multimita ninayo, elektrodi ndiyo sina. Kuna wa kuniazima kabla ya Alhamisi?

MaabaraPwani:
Nitumie ujumbe. Ninayo moja, ila irudi ikiwa imeoshwa kwa maji matamu.