Moshi hadi Lushoto wikiendi na pikipiki: tupakizane au kila mtu na yake?

Mwana_wa_Pasua
Habari za jioni wadau. Niende moja kwa moja. Mimi na mshikaji wangu tuko Moshi hapa, tumepanga Jumamosi ijayo tutoke na pikipiki tupande Lushoto, tunalala, Jumapili tunarudi. Sio biashara, sio msiba, sio harusi, ni kwenda tu, maana hizi pikipiki tumeziendesha miaka minne kati ya Mbuyuni na Majengo mpaka mashimo yote tunayajua kwa majina.

Mimi nina Boxer 150, jamaa ana TVS 125. Yeye anataka tuende na moja, yangu (ya kwake anaionea huruma), tunapakizana, tunachangia mafuta, tunapokezana kuendesha. Mimi nasema kila mtu apande yake. Tumebishana tangu Jumanne mpaka muuza kahawa wa pale kijiweni katufukuza, kasema nendeni mkaulize wanaojua. Ndo nimekuja.

Pia hiyo barabara ya kupanda kutoka Mombo ikoje? Nimeambiwa kona zake zinamtapisha mtu hata akiwa anaendesha mwenyewe. Na kuna mzee kaniambia nisihangaike na Lushoto, niishie Usangi kwa Wapare, ni karibu na milima ni ile ile. Ushauri jamani, matusi kaeni nayo.

Chalii_Ngarenaro
Chalii yangu watu wawili na mabegi mawili kwenye Boxer moja mpaka Lushoto, hiyo sio safari hiyo ni adhabu. Kila mtu na yake. Nawasubiri na picha.

KonaYaSoni
Nimeipita hiyo njia mara tatu, mara mbili naendesha mwenyewe na mara moja nimepakizwa, na ile ya kupakizwa ndo nitakayokusimulia ila ngoja kwanza nianze na njia.

Tokeni alfajiri, saa kumi na mbili iwakute mshaipita Himo. Sio foleni, ni upepo. Kuanzia Mwanga mpaka Same na kule mbele Makanya, Hedaru, ni tambarare kavu, milima ya Upare iko kushoto kwako muda wote, na jua likishapanda upepo unaanza kukupiga, saa nne unajikuta pikipiki umeilaza upande kama unakata kona na barabara imenyooka kabisa. Sasa hapo basi la mikoani linakuja mbele yako. Likikukuta linakusukuma kwanza halafu linakuvuta, na ukikaza mikono ndo unaharibu. Bana tangi na magoti, mikono ilegee, usishike steringi kama umemkaba mwizi.

Same kunyweni chai mjaze mafuta. Boxer ukiiendesha kistaarabu, 60, 70, lita moja inakupeleka kilomita 45 hivi, na Moshi mpaka Mombo ni zaidi ya 200, kwa hiyo tangi fulu lingewafikisha lakini ya nini uende unahesabu matone. Mombo napo sheli ipo.

Mombo unakata kushoto, na hapo ndo safari inaanza. Ni kama kilomita 33 mpaka Lushoto mjini, lami yote, ila nyembamba. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko kama 1,400, yaani ndani ya hizo 33 unapandishwa kilomita nzima ya kwenda juu. Upande mmoja jabali, upande mwingine bonde ambalo ukilitazama sana linakuita. Piga honi kila kona usiyoiona mbele, hapo honi sio ushamba, maana kuna mafuso yanashuka na kabichi na viazi, yakiwa kwenye kona yanachukua barabara yote na wewe unabakiziwa ukingo. Mvua ikiwa imenyesha angalia mawe barabarani, yanatoka juu yenyewe hayasukumwi na mtu. Soni simameni, kuna maporomoko ya maji pale, na mtakuwa mnahitaji kunyoosha mgongo.

Sasa kushuka. Siku hiyo nilikuwa nyuma, jamaa yangu anaendesha, tumetoka Lushoto tumeshiba, tukafika kwenye mteremko akaweka nyutro ili asevu mafuta. Raha kweli, pikipiki kimyaaa, upepo tu masikioni. Baada ya kona kama sita hivi nikasikia harufu, kama mtu anaunguza kandambili. Nikamwambia, akasema ni lori lililotupita. Kona ya mbele nikamuona anakanyaga breki ya nyuma mpaka kiatu kimegota na pikipiki inaongeza spidi tu. Nilichofanya ni kuteremsha miguu nikaanza kusugua lami na raba zangu, na yeye akailaza kwenye mtaro wa upande wa jabali. Tukasimama. Hakuna aliyevunjika, ila soli ya mguu wa kulia iliishia barabarani, na kilomita zilizobaki mpaka Mombo nilitembea na kiatu kimoja, begi kichwani, kila fuso likipita utingo ananicheka.

Kwa hiyo jibu langu: pikipiki mbili.

Fundi_Majengo
Mdogo wangu hapo juu kaeleza vizuri ila wengi hawajui nini kilitokea, wanasema breki zilikatika. Hazikukatika, zilichemka. Breki ya nyuma ya hizi pikipiki zetu ni ya dramu, shuu mbili ziko ndani zinatanuka zinasugua, na lile joto limefungiwa humo humo, halina pa kutokea. Ukikanyaga mfululizo dakika kumi shuu zinaanza kuteleza kama zimepakwa samli. Ukisimama nusu saa zinarudi, lakini uso wake unakuwa umeng'aa kama kigae, ukifika nyumbani fungua uzipige msasa au uzitupe. Na usimwagie dramu maji ikiwa ya moto, utaipasua.

Dawa yake haiuzwi. Giya uliyopandia ndiyo uishukie. Kama kona ilikudai namba mbili wakati wa kupanda, shuka nayo namba mbili, achia akselereta, mwache injini ikuzuie, itapiga kelele kidogo, ivumilie. Breki gusa achia, gusa achia, mbele na nyuma pamoja. Klachi usiibane ukiwa kwenye mteremko, ukibana ni sawa na nyutro tu. Na hayo mafuta mnayosevu kwa nyutro hayafiki hata bei ya soda.

Kupakizana: Boxer ina uzito wa kama kilo 120. Nyie wawili na mabegi mnaizidi. Kupanda itahangaika ila itapanda, kushuka ndo mzigo wote unakuja mgongoni kwa hizo shuu mbili ndogo. Nenda na mbili.

Kabla ya kutoka kaza cheni lakini isiwe kama waya wa gitaa, iache icheze sentimita mbili tatu katikati. Beba plagi moja, kebo ya klachi na ya akselereta, tubu, viraka, solusheni na pampu ya mkono. Na mkifika juu mkiona pikipiki inapumua kwa shida ni hewa nyepesi, kawaida kwa kabureta, msimpe mtu yeyote bisibisi aguse skrubu ya kabureta, mtashuka Mombo mafuta hayaitoshi, injini inachemka.

Mpare_Asiye_na_Kesi
Naona Usangi imetajwa halafu ikaachwa njiani kama yatima. Kwanza ni kweli ni karibu, Mwanga kwenda juu ni kama kilomita 25 tu, mnaondoka Moshi baada ya chai na mchana mnakula juu. Msitu wa Kindoroko kilele chake ni mita 2,113, kwa hiyo asiseme mtu kwamba sio mlima. Ukiwa kwenye zile kona ukigeuka nyuma unaliona bwawa la Nyumba ya Mungu liko chini linang'aa kama bati jipya. Mna siku mbili tu, nusu ya muda mtaumalizia kwenye lami ya Same mnapigwa vumbi, ya nini? Ila najua hamtanisikiliza, watu wakishasikia Lushoto wamesikia Lushoto.

(Na kabla hamjauliza, maana Wapare tunasemwa tunapenda kesi, hapana, hatushitaki wageni. Tunashitakiana wenyewe.)

BintiWaMagamba
Kaka karibuni kwetu. Nimecheka ya kiatu mpaka mama kaniuliza kuna nini.

Niongezee la baridi maana watu wa Moshi mnajidai mnaijua. Mkiwa mnakuja kati ya Juni na Agosti jioni huku mtavaa kila mlichobeba. Kwenye pikipiki jaketi ligeuzeni, zipu ikae mgongoni kama bodaboda wa huku, na kama hamna la maana wekeni boksi kifuani kwa ndani, linazuia upepo kuliko sweta mbili. Glavu hata za ujenzi.

Jumamosi mkifika mapema nendeni Irente, ni kama kilomita tano kutoka mjini, jiwe liko ukingoni kabisa na chini mnaona mashamba ya mkonge ya Mazinde na barabara kuu mliyopita asubuhi, magari kama sisimizi. Njiani kuna Irente Farm wanauza mkate na jibini wanazotengeneza wenyewe. Wajerumani enzi zao hapa walipaita Wilhelmstal, walikuwa wanakimbilia huku joto la chini likiwashinda, ukiuonja huo ubaridi utawaelewa. Mtae mtaambiwa mwende, ni pazuri kuliko Irente mimi nasema, lakini ni kama kilomita 60 nyingine na huko sio lami, kwa wikiendi moja msijidanganye.

Ila nampinga KonaYaSoni kidogo, Jumapili msishuke alfajiri. Ukungu wa asubuhi huku unafika mpaka kwenye geji, huoni hata mkono wako. Subirini mpaka saa tatu.

KonaYaSoni
Dada hapo sawa kwa ukungu, lakini akitoka saa tatu Same anaipita jua la utosi na upepo wote unamsubiri.

BintiWaMagamba
Basi alale Same kivulini mpaka jioni. Upepo unapunguza, ukungu hautoi taarifa.

Mwana_wa_Pasua
Shikamoo fundi, na asanteni wote. Tumerudi jana nikasema nisiwe mtu wa kuuliza halafu anapotea.

Tulienda na mbili. Jamaa alinuna mpaka Himo halafu akasahau. Upepo wa Makanya nimeuona, hakuna aliyenidanganya, kuna mahali nilipishana na basi nikajikuta nimefumba jicho moja sijui kwa nini. Kupanda Mombo jamaa na 125 yake alikuwa namba mbili karibu njia nzima, mimi namsubiri kila baada ya kona tatu kama tulivyokubaliana, na kusema kweli kusubiri ndo kulininufaisha, maana ukizima injini pale unasikia maji yanapita chini bondeni na hata huyaoni.

Irente tulifika saa kumi. Tulikaa kwenye lile jiwe tukatafuta sehemu tuliyonywea maji barabarani asubuhi, tukaipata, kamti kamoja na kakibanda. Jamaa akasema kumbe tulikuwa wadogo hivyo. Hakuongea tena mpaka giza.

Jumapili ukungu kweli, saa moja asubuhi nilikuwa sioni taa ya pikipiki yake na tumesimama pamoja. Tukasubiri. Kushuka nilimkumbusha giya, akanikumbusha na mimi, tukawa tunakumbushana kama wazee. Kona ya nne toka Soni nikasikia harufu ya kandambili fundi, nikapiga honi tukasimama. Alikuwa amelalia breki ya nyuma bila kujua, mguu umezoea mjini. Dramu ukisogeza mkono tu unaungua. Tulikaa pale dakika arobaini tunakula mkate wa Irente na utingo wa fuso moja akatucheka, sijui ni yule yule.

Same tukalala chini ya mwarobaini mpaka saa kumi jioni, dada nakushukuru, upepo ulikuwa umepoa kweli. Moshi tumeingia saa moja usiku. Mpare, Usangi ni mwezi ujao, tumekusikia.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Jamaa alinunua kabichi pale Lushoto, kubwa, akalifunga nyuma kwa mpira wa tubu, mimi nikamwambia halijakaza akasema nimefunga magunia tangu uko shule. Kwenye mteremko wa mwisho mwisho nikaona kitu cha kijani kinanipita kulia kwangu kinadunda, kikakata kona vizuri kabisa, ya kwanza, ya pili, ya tatu sikukiona tena. Akataka kusimama akalitafute, nikamwambia twende. Mpaka leo kijiweni anaapa lile kabichi lilifika Mombo kabla yetu.