Naomba ushauri: chembe nano za magnetaiti zinashikamana ninapozivika silika

Wakuu habari zenu, hasa wenye uzoefu wa maabara ya kemia.

Natengeneza chembe ndogo sana (nano) za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma yenye usumaku, kwa kuchanganya kloridi za chuma, Fe³⁺ na Fe²⁺ kwa uwiano wa 2:1, kisha naongeza amonia kwenye nyuzi joto 80. Naitrojeni inapita muda wote ili Fe²⁺ isioksidike. Mashapo meusi yanatokea papo hapo na sumaku inayavuta vizuri. Nikishayaosha nayavika asidi ya sitriki, na hapo kwa kweli yanapendeza: kwenye maji yenye pH 7 hayatuami hata yakilala usiku kucha.

Shida inaanza kwenye silika. Nikihamishia kwenye ethanoli na kuongeza amonia, kabla hata ya kutia TEOS (kemikali inayozalisha silika), naona vipunje vinajikusanya na kushuka chini. Nikiendelea, silika inafunika mafungu badala ya chembe mojamoja. Hadubini ya elektroni inaonyesha wazi. Nimejaribu kupunguza amonia, kudondosha TEOS polepole, na kutikisa kwa mawimbi ya sauti, ambayo yanasaidia kwa muda mfupi tu. Nahisi ioni na ethanoli zinadhoofisha msukumano wa chaji za sitrati (ile asidi ya sitriki iliyoshika juu ya chembe) unaozitenganisha.

Je, nivike PVP (polima inayozuia chembe kushikamana) kwanza kabla ya kuhamia ethanoli, au nianze na silikati ya sodiamu humo humo majini? Na ni uwiano gani wa maji kwa ethanoli umewafaa? Nahitaji ganda jembamba, maana silika ikizidi, usumaku kwa kila gramu unashuka.

Natanguliza shukrani.