Ati MIMI ndio sijazoea stima?! Njooni mnisaidie kukasirika

Mjengo_wa_Ruai (Jumapili, saa tano usiku)

Jina la huyo fundi wa stima sitaji. Sina haja. Kama umejenga upande huu wa Ruai, huyo mtu umeshamlisha ugali. Ni yule wa kofia ya njano, ngazi ya mbao imefungwa kwa pikipiki, tesita imechomekwa sikioni kama kalamu ya karani. Ee. Huyo huyo.

Leo, mbele ya wakwe zangu, amesimama kwa sebule YANGU akasema: "Taa ni nzima. Shida ni mwenye nyumba, bado hajazoea stima."

Hajazoea stima! Mimi nimezaliwa Pumwani! Kitu cha kwanza kuona duniani, kabla hata ya uso wa mama yangu, kilikuwa balbu!

Wacha nianze mwanzo. Nyumba mpya, mawe ya Ndarugu, mabati yanang'aa mpaka marubani wa Embakasi wanafumba macho. Kila kitu kimeisha, imebaki taa moja ya nje, pale kona inayotazama geti. Taa MOJA. Sikuomba taa za uwanja wa Kasarani. Akasema ni kazi ya nusu saa. Siku ya kwanza alikuja kuangalia ukuta. Siku ya pili alikuja kula. Siku ya tatu akatoboa shimo ambalo paka mwenye mimba anapita bila kuinama, akalifunga kwa gazeti.

Nilikuwa nimeenda mwenyewe Luthuli nikanunua rola za waya wa 1.5: nyekundu, nyeusi, na ule wa kijani na manjano. Ndani ya ukuta wangu sasa hivi kuna kiwaya cheupe cha spika, kimezikwa kwa plasta bila paipu, bila sala. Rola zangu zilienda wapi? Ulizeni pikipiki.

Sasa leo. Wageni wameshiba, giza limeingia, nikasema wacha niwaonyeshe taa. Nikawasha, ikawaka, watu wakapiga makofi. Nikazima. Haikuzima. Ikabaki inafifia pale juu kama jicho la mbuzi mgonjwa. Nikawasha tena, nikazima tena. Jicho lile lile. Baba mkwe akainuka na kikombe chake, akabonyeza swichi mwenyewe mara tatu, akaniuliza, "Kwani hii ni ya pambo?"

Na kwa ujinga wangu huyo fundi nilikuwa nimemwalika. Alikuwa ameketi kwa kochi na PAJA la kuku. Paja, jameni. Mimi mwenye nyumba nilipata shingo. Akaja polepole, akalamba kidole gumba, akabonyeza swichi yangu nyeupe kwa kidole hicho hicho (alama ya mafuta iko hapo mpaka sasa, nimekataa isifutwe, ni ushahidi), akatazama juu, akatafuna, akameza, ndio akasema mwenye nyumba hajazoea stima.

Baba mkwe alicheka mpaka chai ikatokea puani. Bibi yangu alicheka. Na mama mkwe, mama wa watu mpole, akanishika bega akaniambia, "Pole mwanangu. Utazoea."

UTAZOEA!

Sijataja hata kwamba mvua ya juzi iliingia ndani ya hiyo taa ikajaa nusu ya glasi. Nikiweka kitunguu ni supu. Na ile bati yake ukiigusa ukiwa umelowa inakusalimia mpaka kiwiko.

Nalala na hasira.

---

MamaKeja: Mimi nimesoma yote na bado niko upande wa mama mkwe. Utazoea.

Kifaranga_Njiru: Jina ulifiche lakini ngazi ya mbao umetaja? Nilijua kwa mstari wa pili. Kwangu aliweka swichi ya choo ndani ya jikoni. Ukienda choo usiku lazima mtu abaki jikoni kama mlinzi.

Bwana_Tosha: Mwongozo kwa mwenye uzi: soketi ni ile yenye mashimo matatu. Usitie kidole. Pole pole utazoea.

Mjengo_wa_Ruai: Sijaleta uzi nichekwe.

Bwana_Tosha: Umeuleta Nairobi.

Koleo_Jekundu: Wacheni mzaha kidogo. Mimi ni fundi, na hiyo ni ajali inangoja siku. Taa kufifia ukizima ni dalili swichi imekata nyutro (waya wa kurudisha stima) badala ya laivu (waya wa kuleta stima). Swichi inafaa kukata waya mwekundu, au wa kahawia kwa rangi za siku hizi. Ukikata nyutro, stima inabaki pale juu kwenye taa, volti 240 zimekaa zinangoja mkono. Balbu ya zamani ya uzi isingeonyesha, lakini hizi za LED zinatosheka na kale kastima kadogo kanakopenya kati ya waya. Usipande hapo kubadilisha balbu kwa kuamini swichi. Shusha breka kwanza, upime kwa tesita, ndio uguse. Sasa nikuulize: hiyo taa ina alama gani kwa sanduku?

Mjengo_wa_Ruai: IP20.

Koleo_Jekundu: Hiyo ni ya ndani, buda. Ile nambari ya pili ndiyo ya maji, na yako ni sifuri. Ya nje inayopigwa na mvua tafuta IP65. Waya uingie kutoka chini, upinde kidogo kabla haujaingia, maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya mpaka ndani. Halafu hiyo bati kukusalimia ni kwa sababu haina athi, ule waya wa kijani na manjano wa kupeleka stima ardhini.

Kifaranga_Njiru: Mimi nilimuuliza athi iko wapi. Akaniambia Athi River iko mbele ya Mlolongo.

MamaKeja: 😂😂😂 nimeamsha mtoto.

Mzee_wa_Ploti: Kijana, ulimuuliza leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa kawi, kabla ya kumpa kazi? Mtu wa stima lazima awe nayo. Mimi humwambia fundi aitoe mfukoni kabla hajashusha ngazi.

Mjengo_wa_Ruai: Nilimuuliza mzee. Akanionyesha ya pikipiki.

Mzee_wa_Ploti: Na ukamruhusu aendelee?

Mjengo_wa_Ruai: Ilikuwa halali.

Tajiri_wa_Mkopo: Swali ambalo kila mtu anaogopa kuuliza. Ulimlipa ngapi?

Mjengo_wa_Ruai: Hilo halihusiani.

Tajiri_wa_Mkopo: Ngapi?

Mjengo_wa_Ruai: Mia tano. Na chakula.

Tajiri_wa_Mkopo: Uzi ufungwe. Mia tano ni kazi ya kukushikia ngazi wewe upande.

Bwana_Tosha: Kwa mia tano hata hilo jicho la mbuzi ni zawadi. Angeweza kukuwekea mshumaa akakuambia ni wa sola.

Mjengo_wa_Ruai: Sawa, cheka. Lakini ALIKUWA NA PAJA. Angesema hayo akiwa na shingo ningemsamehe. Mtu anatafuna paja la kuku niliyemnunua mimi, ananiambia mbele ya baba mkwe sijazoea stima.

Dada_Utawala: Nyinyi mnalia stima, mimi wangu ni wa maji. Aliunganisha paipu ya moto na tangi la choo. Asubuhi ya baridi choo kinatoa mvuke kama mtungi wa chai. Mgeni alitoka akanishukuru.

Kifaranga_Njiru: Huyo mwache kama alivyo, hiyo ni huduma.

Rangi_Mbili: Wa rangi hamjamtaja. Nilimwambia "krimu". Nyumba ni ya chungwa. Nimebadilisha mpaka maelekezo kwa watu wa boda: usiulize ploti, fuata macho.

Jirani_Asiyelala: Mnalalamikia taa isiyozima, ni nini mmeona? Jirani yangu mpya ameweka moja ya kuwaka kabisa, inatazama dirisha langu la kulala. Nimenunua pazia mbili. Lakini hiyo si shida. Shida ni jogoo wake. Anadhani kumekucha. Anaanza kuwika saa saba usiku, akipumzika ni dakika ya kunywa maji, anaendelea. Mimi huamka kwenda kazi, nafika steji, nakuta ni saa tisa.

MamaKeja: Saa tisa kwa steji! Ulipanda nini?

Jirani_Asiyelala: Nilirudi nikalala kwa kiti na viatu.

Mzee_wa_Ploti: Kuku akiona mwanga hajui ni wa jua au wa fundi. Wafugaji wa mayai hutumia hiyo mbinu makusudi, wanarefusha mwanga kuku watage. Mwambie aigeuze taa itazame chini.

Jirani_Asiyelala: Nilimwambia. Akasema nimnunue jogoo kama nina pesa.

Bwana_Tosha: Ni ngapi?

Jirani_Asiyelala: Elfu moja na mia tano. Wa kienyeji, mkubwa, kifua hiki. Nikipata wa kuchanga naye nachukua kesho asubuhi. Au kesho usiku, maana tutakuwa macho wote wawili.

Dada_Utawala: Bei hiyo yuko na nyumba yake?

Rangi_Mbili: Mkipika nitaleta pilipili.

Koleo_Jekundu: Mwenye uzi, umeshusha hiyo breka?

Mjengo_wa_Ruai: Nimeshusha. Nyumba nzima imezima, kwa sababu aliweka kila kitu kwa breka moja. Naandika nikiwa kwa giza. @Jirani_Asiyelala, huyo jogoo, unaweza kumfikisha Ruai kabla ya Jumapili? Wakwe wamesema watarudi kuona kama nimezoea.

Jirani_Asiyelala: Nafikisha. Nauli ni yako.

Mjengo_wa_Ruai: Sawa. Lakini mapaja yote mawili ni yangu, hilo tuelewane sasa.