Yule jamaa wa flashi kanimalizia Lost kwa sentensi moja, na mimi nikamwambia asante

Mpangaji wa Tabata

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimepishana msinisahihishe.

Yule jamaa wa flashi. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Kila mtaa wa Dar una wake, ila huyu wa kwetu ndiye baba yao. Kibanda cha mabati, kompyuta imevuliwa mfuniko, feni ya mezani inaupepea utumbo wa kompyuta badala ya wateja, na yeye yuko pale anamenya chungwa. Huyo huyo. Nimetoka kwake sasa hivi, hata viatu sijavua.

Kwa mliozaliwa juzi: Lost, ile tamthilia ya Kimarekani, ilianza 2004. Ndege ya Oceanic 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani, watu wanaamkia kisiwani. Mimi niliipata kwenye zile DVD za mkusanyiko, picha inaganda kila Sawyer akivua shati. Nikaimeza msimu wa kwanza mpaka wa tano. Msimu wa tano unaishia Juliet analigonga bomu kwa jiwe, kioo chote kinakuwa cheupe. Basi. Naweka diski ya msimu wa sita, imegoma. Nikaifuta kwa fulana, imegoma. Nikaipaka dawa ya meno kama tulivyoachiwa na wahenga. Ikanukia vizuri, ikagoma.

Hiyo ni 2010. Niko kwenye weupe ule tangu mwaka huo. Nimeoa niko kwenye weupe. Nimehama nyumba tatu niko kwenye weupe. Mtu akianza habari za kisiwa, hata kama ni Mafia anaisema, mimi naondoka. Kuna siku kwenye daladala vijana wawili wakaanza "unakumbuka Lost bwana", nikashuka Manzese na safari yangu ilikuwa Kimara. Nimelipa nauli mara mbili kuulinda huu mwisho!

Leo nikasema potelea mbali, namaliza. Nikampa flashi, nikamwambia niwekee Lost, wa sita. Akaupuliza mdomo wa flashi, akaufutia kwenye suruali, akachomeka. Kataa kekundu kakaanza kupepesa. Mstari wa kijani unatembea. Nimesimama na tabasamu langu kama mzazi anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Ukafika asilimia 83. Na hapo, bila hata kuninyanyulia jicho, mbegu ya chungwa iko shavuni, akasema:

"Ah, hii? Si walikufa wote tangu ndege ilipoanguka."

Akatema mbegu.

ASILIMIA THEMANINI NA TATU. Hakusubiri hata ifike mia! Mtu wa hivi ukimwalika kwenye harusi atakutajia tarehe ya talaka kabla keki haijakatwa. Halafu akachomoa flashi, akasema elfu mbili. Nikampa elfu mbili. Na nikasema asante. Wakuu, nilisema ASANTE. Nimefika mpaka kwa muuza mkaa ndiyo akili ikarudi kwamba yule mtu kanichinja na mimi nimemshukuru kwa kisu kikali.

Sina hoja. Sijaja kujadili. Nimekuja kulia.

Konda Mstaafu

Siti ya mbele nimewahi. Kahawa ipo, kashata zipo.

Chachandu

Mleta mada, sizoni imeisha 2010. Mtoto aliyezaliwa siku ile leo anatafuta wembe. Ulitaka dunia nzima inyamaze kwa sababu ya Colgate yako?

Bibi Harusi

Na ni nani aliyekudanganya ni dawa ya meno? Ni ganda la ndizi, upande wa ndani. Ungeshamaliza zamani.

Mpangaji wa Tabata

Bibi Harusi, hayo unaniambia leo?

Na wewe Chachandu hujanielewa. Siyo kusema tu, ni ALIVYOSEMA. Kama mtu anayekuambia mvua inanyesha. Mbegu iko shavuni.

Fundi Redio

Mkuu pole, lakini tulia. Huyo jamaa kakudanganya. Ule ni uzushi wa watu walioangalia mwisho huku wanachati.

Hawakufa kwenye ndege. Kisiwa kilikuwa cha kweli, ule moshi mweusi wa kweli, kile kitufe cha kubonyeza kila dakika 108 cha kweli. Kilichowachanganya watu ni yale maisha ya pembeni ya msimu wa sita, ambako ndege inatua salama. Kule ndiko baada ya kufa. Kila mtu kafa kwa siku yake, wengine hukohuko kisiwani, wengine miaka mingi mbele, halafu wakakutana pale kanisani waondoke pamoja. Baba yake Jack, yule daktari stelingi, anayasema haya kwa mdomo wake.

Na uzushi chanzo chake kinajulikana. Usiku ule wa mwisho, Mei 2010, kituo cha ABC, waliokuwa wanairusha, kiliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita. Ufukwe mtupu, hakuna mtu. Watazamaji wakasema kumbe, hakupona hata mmoja! Zile picha hazikuwa sehemu ya hadithi kabisa, zilikuwa za kumpunguzia mtu makali kabla ya taarifa ya habari.

Mpangaji wa Tabata

Fundi Redio.

Fundi Redio.

Yule wa machungwa alinidanganya, kumbe nilikuwa bado nina mwisho wangu mzima. Umekuja WEWE, na pole juu, ukanipa wenyewe hasa. Na kanisa ndani. Na baba yake Jack ndani!

Chachandu

Hahahaa! Mleta mada kafa mara mbili, na mara ya pili kauawa na mtetezi wake. Usisahau kusema asante.

Konda Mstaafu

Naongeza kashata.

Dada wa Kigamboni

Mpangaji, mshukuru Mungu umeambiwa bure. Mimi niliutazama ule mwisho kwa macho yangu haya, na bado nawadai. Misimu sita nangoja kuambiwa zile namba zinazojirudia, 4, 8, 15, 16, 23, 42, maana yake nini. Nikapelekwa kanisani, watu wanakumbatiana, muziki unalia. Nikadhani nimeweka mkanda wa kipaimara wa jirani.

Fundi Redio

Dada, namba zilijibiwa. Yule mlinzi wa kisiwa, Jacob, alikuwa anatafuta wa kumrithi, kila mgombea kaandikwa pangoni na namba yake. Locke 4, Hurley 8, Sawyer 15, Sayid 16, Jack 23, Kwon 42.

Dada wa Kigamboni

Hilo siyo jibu Fundi, hilo ni daftari la wapiga kura. Nauliza KWA NINI namba hizo, wewe unanisomea majina.

Mzee wa Kachumbari

Vijana, mimi niliachia njiani msimu wa tatu na sijuti. Ile epi ya tatuu za Jack. Saa nzima mtu mzima yuko Thailand anahangaika na tatuu. Nikamwambia mama watoto, hawa hadithi imewaishia, wanatuuzia maji.

Fundi Redio

Mzee shikamoo. Hapo uko sahihi, na hata waandishi hawajaisifia epi ile. Ila ndiyo iliyosaidia: 2007 wakakubaliana na kituo kwamba itaisha 2010, wakaacha kuzungusha watu. Ungevumilia kidogo tu ungeona Charlie na ule mkono wake ulioandikwa. Msimu wa tatu umeisha kwa kishindo, na ule wa nne, pamoja na mgomo wa waandishi kuukata mpaka epi 14, hauna epi ya kutupa.

Mzee wa Kachumbari

Marhaba. Sirudi.

Binti Lindi

Mimi hasira zangu ni za Mr. Eko. Padri feki, Mnaijeria, fimbo yake imechongwa maandiko, anaongea maneno matatu kwa siku na kila mtu anatii. Kisiwa kizima yule ndiye aliyekuwa mtu mzima. Wakampa moshi umpigize kwenye miti kama nguo ya kufua. Huku Michael amebaki anamwita mwanawe kwa kelele, "WAAALT", misimu miwili mtu hajamgusa.

Fundi Redio

Mwigizaji mwenyewe ndiye aliyeomba kuondoka, Binti Lindi. Kama unatafuta bahati, mwangalie aliyeigiza Ben, yule mbaya wa kisiwani. Aliitwa aje aigize epi tatu tu, akakaa mpaka mwisho, na 2009 akabeba tuzo ya Emmy.

Konda Mstaafu

Mimi naijua ya kutafsiriwa tu. DJ alituambia mapema: "Huyu daktari ndiye stelingi, na stelingi hafi."

Fundi Redio

DJ wako hakujua kwamba kwenye mpango wa kwanza Jack alitakiwa afe epi ya kwanza kabisa. Kituo ndicho kilichokataa. Na mwisho wa siku si anakufa vilevile, pale kwenye mianzi, mbwa kamlalia pembeni, jicho linafunga kama lilivyofunguka epi ya kwanza.

Mpangaji wa Tabata

FUNDI.

Fundi Redio

Samahani mkuu.

Mpangaji wa Tabata

Mbwa anapona lakini?

Chachandu

Nimecheka mpaka bosi kauliza kuna nini. Ndege nzima imeanguka na watu wake, yeye anaulizia mbwa.

Bibi Harusi

Turudi kwa DJ wa kutafsiri. Yule wa kwetu Sayid alikuwa anamwita Mpemba. Mwanzo mpaka mwisho. "Mpemba kakasirika." "Mpemba kamkamata, sasa utajua hujui." Mimi mpaka leo ukiniambia Mwiraki nabisha. Na akichoka kutafsiri anaanza kuwasalimia mafundi gereji wa Buguruni huku wazungu wanalia kwenye kioo.

Kijana wa Mbagala

Hao wote cha mtoto. Nisikilizeni mimi. Kibanda umiza, Rangi Tatu, kiingilio mia tano, tumejazana kama dagaa wa mafungu. Msimu wa kwanza uko mwishoni. Lile lidude la chuma lililofukiwa ardhini wanalipigia hesabu tangu lini, leo wamelilipua kwa baruti. Mfuniko umeruka. Locke na Jack wanachungulia shimo, kamera inashuka, inashuka... yule mwenye kibanda akabadilisha akaweka mpira! Nikalia, nikadai hela yangu, nikatolewa nje kwa kushikwa kola. Sijamsamehe mpaka kesho.

Fundi Redio

Mkuu, msimu wa kwanza unaishia hapohapo. Wanachungulia, kamera inashuka shimoni, kwisha. Hukukosa kitu.

Kijana wa Mbagala

Unasema?

Fundi Redio

Ndivyo ilivyo.

Kijana wa Mbagala

Huyu mzee nilimnunia mpaka kwenye msiba wa mkewe.

Konda Mstaafu

Uwiii. Kahawa imenitoka puani.

Mpangaji wa Tabata

Jamani turudi kwenye mada. Asilimia themanini na tatu...

Chachandu

Mpira wenyewe ulikuwa upi? Maana kama ni watani wanacheza, mwenye kibanda alikuwa na haki.

Kijana wa Mbagala

Simba na Yanga.

Chachandu

Basi kesi imefutwa. Mtu anawekewa Simba na Yanga anadai shimo!

Mzee wa Kachumbari

Hapo Chachandu namuunga mkono. Ila Yanga ya miaka hiyo siyo hii mnayojisifia nayo.

Chachandu

Mzee, ya tatuu hukuyaweza, ya Yanga utayaweza? Kaa na kachumbari yako.

Binti Lindi

Wanaume mkishaanza mpira uzi umekufa. Mimi wa flashi wangu alinipa virusi. Picha zote za send-off ya dada zikageuka vifaili vya njia ya mkato, ukibonyeza hakifunguki kitu. Nimemrudia, ananiambia "dada, hiyo flashi yako ilikuja na huzuni zake."

Bibi Harusi

Huyo angalau ana maneno matamu. Wangu alinijazia vipindi vya katuni ya Kichina visivyo na maandishi chini, nimefika Chanika ndiyo naona. Nauli kurudi ni kubwa kuliko flashi.

Dada wa Kigamboni

Mbona hakuna aliyejibu swali langu la namba?

Konda Mstaafu

Dada, hawakujibu waliolipwa, tutajibu sisi?

Kijana wa Mbagala

Kwa hiyo jamani mle shimoni mna nini? Naomba mtu aniambie, sijali tena.

Fundi Redio

Mna mtu, mkuu. Mskoti. Anasikiliza santuri na kufanya mazoezi. Ila nenda kaangalie mwenyewe msimu wa pili, ile epi ya kwanza usisimuliwe.

Kijana wa Mbagala

Nitaipata wapi? Huku vibanda vyote vimegeuka vya kutuma pesa. Jumamosi nina safari ya Tabata.

Bibi Harusi

Nenda kwa yule wa machungwa. Ana kila kitu. Ziba masikio.

Kijana wa Mbagala

Anafunga saa ngapi?

Mpangaji wa Tabata

Saa nne usiku. Nenda na flashi tupu, usimwachie yenye vitu vyako, anafuta bila kuuliza.